Keki ya kuchonga hujengwa kwa ajili ya barabara

Keki ya duara yenye tabaka mbili husamehe mengi. Ukikata kona kwa kasi itasogea kidogo, utairudisha mahali pake, utafuta krimu iliyogusa ukuta wa boksi, na mwenye sherehe hatajua lolote. Keki ya kuchonga haisamehi. Farasi aliyeinuka kwa miguu ya nyuma, joka lililonyoosha shingo, kiatu cha kisigino kirefu, gitaa lililosimama wima: zote zimebeba uzito mahali ambapo unga, mayai na siagi haviwezi kuubeba vyenyewe. Zikitulia mezani zinapendeza. Zikiingia kwenye gari, kila kiungo dhaifu hujitokeza.

Watu wengi huuliza namna ya kusafirisha keki asubuhi ya safari, wakati keki imeshapambwa. Maswali yao ni ya haki na nitayajibu yote, ila yanakuja yamechelewa. Keki inayofika salama ni ile iliyochukuliwa kama mzigo tangu mchoro wa kwanza. Kabla ya yai la kwanza kupasuliwa, unatakiwa ujue itapita mlango gani, itakaa wapi ndani ya gari, na ni kitu gani kitakachoshika kichwa cha farasi breki itakapokanyagwa.

Barabara inaifanyia nini keki

Breki, kona na kuondoka kwa gari huisukuma keki kwa ubavu. Matuta na mashimo huirusha juu na kuiachia. Kisha kuna mtetemo, mdogo lakini usiokoma, ambao watu huusahau kwa sababu hauonekani.

Nguvu ya ubavuni unaweza kuipima ukiwa jikoni, na hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Dereva mtulivu anapopunguza mwendo, keki husukumwa mbele kwa nguvu inayokaribia robo ya uzito wake. Ukiinua upande mmoja wa ubao hadi kimo cha robo ya urefu wa ubao wenyewe, keki inapata msukumo ule ule. Ubao wa sm 40 unainua sm 10, ubao wa sm 60 unainua sm 15. Hapo mlalo unakuwa kama nyuzi 15. Shikilia hivyo kwa dakika moja, shusha taratibu, kisha fanya hivyo kwa pande zote nne.

Jaribio hili lifanyie kiunzi kitupu, yaani mifupa ya fimbo itakayobeba keki, kabla hujaoka. Funga vifuko vya sukari au unga pale keki itakapokaa, vyenye uzito ule ule unaoutarajia: kama kichwa cha farasi kitakuwa na kilo 1 na nusu, funga kilo 1 na nusu juu kabisa ya fimbo. Kiunzi kikipinda, kikizunguka au kikilia, umeokoa siku mbili za kazi. Keki iliyokwisha pambwa sikushauri uiinamishe kiasi hicho. Kama kiunzi kimefaulu, huna haja.

Breki ya dharura ni habari nyingine. Kwenye lami kavu, gari dogo linaweza kusimama kwa nguvu inayofika asilimia 80 ya uzito wa kitu kilichomo ndani, sawa na kuinamisha ubao karibu nyuzi 39. Usijenge kwa matarajio ya kustahimili hilo. Dawa yake ni nafasi kati yako na gari la mbele.

Mtetemo hauvunji, unalegeza. Nati huanza kuzunguka zenyewe, vijiti vya mbao hupanua matundu yao ndani ya keki, na pambo lililobandikwa kwa maji tu huteleza milimita baada ya milimita. Ndiyo maana nati kwenye kiunzi cha keki huwekwa mbili mbili, moja ikikazwa dhidi ya mwenzake, au hutumika zile zenye pete ya plastiki ndani.

Ubao

Ubao ukipinda, fondanti, ule unga wa sukari uliokandwa unaovalishwa keki kama ngozi, inapasuka. Hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye keki za umbo: mtu ametumia siku tatu kuchonga, halafu amesimamisha kazi yake juu ya kadibodi iliyofunikwa karatasi ya kung'aa. Mkono mmoja ukiinua kabla ya mwingine, kadibodi inajikunja kidogo, na ufa unatokea palepale pembe ya keki inapokutana na ubao.

Tumia plaiwudi ya mm 12 kwa keki ndogo, na mm 18 ubao unapozidi sm 45 au mzigo unapozidi kilo 8. Acha sm 5 wazi kila upande, kwa ajili ya vidole na kwa ajili ya boksi. Chini pigilia miguu minne ya mbao yenye unene wa sm 2, karibu na pembe. Miguu hiyo inafanya kazi mbili: inakupa nafasi ya kuingiza vidole wakati wa kuinua, na inaficha nati ya fimbo iliyotokeza chini. Bila miguu, nati hiyo hugusa meza na ubao mzima unayumba kama kiti kibovu. Piga msasa kingo, kisha funika uso wa juu kwa foili nene au karatasi ngumu ya keki, maana mbao na gundi yake havitakiwi kugusa chakula.

Kabla ya kukata ubao chukua futi kamba. Pima mlango mwembamba kuliko yote njiani, kutoka jikoni hadi meza ya sherehe. Pima pia mdomo wa buti ya gari. Mara nyingi mdomo huo ni mfupi kuliko nafasi iliyomo ndani, na keki yenye kimo cha sm 60 inaweza kutosha ndani ya gari isiloweza kuingia.

Mifupa

Kwa umbo lolote linalosimama au kuegemea upande, kinachobeba ni fimbo ya chuma yenye hesi (mikato ya skrubu) mwili mzima, inayopita kwenye tundu la ubao na kukazwa kwa washa pana (pete bapa ya chuma) na nati, chini na juu. Fimbo ya mm 10 inatosha keki nyingi zisizozidi sm 50 kwenda juu. Chagua chuma kisichoshika kutu. Fimbo hutoka kiwandani na mafuta, kwa hiyo ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikaushe, kisha ivalishe mrija wa plastiki wa chakula, au izungushie plastiki ya kufungia chakula na foili juu yake. Hesi tupu hazitakiwi kugusa keki.

Kila sm 10 hadi 12 za kimo weka sahani: kipande cha plaiwudi nyembamba au akriliki, chenye tundu katikati, kilichobanwa na nati na washa chini na juu. Keki ya ghorofa ile inakaa juu ya sahani yake na haiilemei ya chini. Sahani yenye fimbo moja ina tabia ya kuzunguka, hasa umbo likiwa zito upande mmoja. Farasi wako anaweza kuondoka akitazama mbele na kufika akitazama dirishani. Tumia fimbo mbili zilizoachana sm 6 au zaidi, au kaza sahani kwa nati mbili na washa yenye meno.

Vijiti na mirija minene vina kazi yao pia, lakini tuelewane kuhusu kazi yenyewe: vinazuia keki ya juu isizame kwenye ya chini. Havizuii isiende ubavuni. Mtu anaweza kuchomeka vijiti 20 na keki ikaanguka kwenye kona ya kwanza, ikiwa imesimama juu ya vijiti vyote 20. Kinachozuia mwendo wa ubavuni ni fimbo iliyofungwa kwenye ubao. Vijiti ukivitumia, chagua mirija ya plastiki yenye kipenyo cha sm 1 na nusu hadi 2 badala ya vijiti vyembamba vya mishikaki, ambavyo huinama na kukata keki kama kisu. Mitano au sita inatosha duara la sm 20. Pima mmoja ndani ya keki, utoe, uukate, halafu uutumie kama kipimo cha wengine wote. Ukipima kila mmoja peke yake utapata urefu tofauti, na keki ya juu itakaa juu ya mirija miwili tu.

Kinachofunika mifupa

Keki laini yenye hewa nyingi haifai. Inapendeza mdomoni, lakini ukiichonga inamomonyoka na ukiitikisa inashuka. Unataka keki nzito yenye siagi, au keki ya chokoleti iliyoshikana, iliyolala usiku mmoja kwenye friji kabla ya kuchongwa.

Kati ya tabaka weka ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa pamoja na krimu) au krimu ya siagi nyembamba. Jemu ni grisi: tabaka la juu litateleza juu yake kama sabuni. Mteja akiitaka, izungushie ukuta wa krimu ngumu pembezoni na uipake nyembamba sana. Krimu mbichi na kastadi mimi siziweki kabisa kwenye keki ya kuchonga, kwa sababu mbili: ni laini mno kubeba kitu, na ni chakula kinachoharibika, kisichotakiwa kukaa zaidi ya saa 2 kwenye joto linalozidi nyuzi 5.

Ngozi ya nje, ile ya chini ya fondanti, iwe ganashi ngumu. Kwa chokoleti nyeusi changanya sehemu 2 za chokoleti na sehemu 1 ya krimu kwa uzito. Kwa chokoleti nyeupe, sehemu 3 kwa 1. Iache ishike usiku kucha. Ganashi iliyoshika inageuka ganda, na ganda hilo linabeba. Siagi huanza kulegea mapema, na ikifika nyuzi 32 hadi 35 imeyeyuka kabisa. Mafuta ya kakao huyeyuka karibu nyuzi 34, lakini ganashi ya chokoleti nyeusi hubaki imara kwenye joto la chumba ambalo krimu ya siagi tayari imeshalainika.

Kuna hatua inayorukwa kwa haraka: kuiacha keki ishuke. Baada ya kupaka tabaka zote, ifunge kwa plastiki, weka kigae au ubao mwepesi juu yake, uiache saa 6 hadi 12. Uzito wenyewe unaikandamiza na hewa inatoka. Usipofanya hivyo, itashuka baadaye ikiwa na fondanti juu, mkanda wa kitambi utatokea katikati, na hewa iliyobanwa itatafuta njia ya kutoka kwa kuinua malengelenge kwenye fondanti. Joto la garini huzidisha hali hiyo kwa sababu hewa ikipata joto hutanuka. Lengelenge likitokea, litoboe kwa sindano safi kwa mshazari, sukuma hewa itoke kwa kidole, na uzibe tundu kwa kugusa tu.

Sehemu za juu na zinazoning'inia zisiwe keki. Kichwa cha farasi, mkono ulionyooshwa, mkia: tumia mchele uliopulizwa ukachanganywa na mashimelo (peremende laini za sukari) yaliyoyeyushwa. Kwa gramu 170 za mchele weka gramu 280 za mashimelo na gramu 15 hadi 20 tu za siagi. Siagi nyingi huufanya uwe laini wa kula lakini usioshika umbo. Ukandamize kwa nguvu kuzunguka fimbo ungali vuguvugu, uache ukauke saa kadhaa, kisha uusawazishe kwa ganashi ndipo uvishe fondanti. Usipokandamizwa vizuri utanywea polepole na kuacha mikunjo shingoni. Kila gramu unayoipunguza juu inapunguza kazi ya fimbo nzima, kwa sababu nguvu ya breki huzidishwa na kimo.

Fondanti iwe na unene wa mm 3 hadi 4. Nene zaidi ya hapo hujivuta kwa uzito wake na kupasuka mabegani.

Kinachosafiri peke yake

Masikio membamba, mbawa, upanga, maua, herufi zilizosimama, kitu chochote kinachotikisika ukipuliza: kisafiri kwenye boksi lake na kibandikwe pale pale kwenye sherehe. Vitengeneze kwa fondanti iliyotiwa CMC, unga wa chakula unaoifanya ikauke na kuwa ngumu, kijiko cha chai 1 kwa gramu 250, na uviache vikauke siku 2 au 3. Hewa ikiwa na unyevu vitahitaji zaidi. Fanya kila kimoja viwili. Si ubadhirifu, ndicho kinachokuruhusu uendeshe gari ukiwa na akili tulivu.

Tandika sponji laini kwenye boksi bapa, kata vishimo vya umbo la kila kipande, na uvilaze humo visigusane. Vipande vya sukari ya kioo huvuta unyevu na kunata, basi vifunge kwenye chombo kisichopitisha hewa, pamoja na vifuko vya silika vilivyotengwa visiguse chakula. Pambo lenye waya lisichomekwe moja kwa moja kwenye keki. Waya uingie ndani ya mrija wa plastiki wa chakula uliokwisha zamishwa, na matundu hayo uyaandae nyumbani ili ukifika kazi iwe kupachika tu.

Baridi, jasho na boksi

Keki yenye ganashi iliyokaa kwenye friji usiku mzima ni ngumu kama matofali, na ugumu huo unadumu safari ya saa moja au mbili. Ni silaha nzuri kuliko zote. Lakini ina gharama yake, na hapa ndipo keki nyingi nzuri huharibika mbele ya macho ya wageni.

Hewa yenye unyevu ikigusa kitu baridi huacha maji yake hapo, kama inavyofanya kwenye glasi ya kinywaji baridi. Fondanti ni sukari, na sukari inayanywa maji hayo. Uso unang'aa, kisha unanata. Rangi nyeusi na nyekundu zinatiririka juu ya nyeupe, na alama ya kidole haifutiki. Hofu humfanya mtu achukue karatasi na kufuta. Usifute. Weka feni mbali kidogo, ipeperushe hewa chumbani, na usiiguse. Jasho litakauka lenyewe na mng'ao mwingi utaondoka.

Njia ya kulizuia ni boksi lililofungwa. Keki iingie kwenye friji ikiwa tayari ndani ya boksi la kadibodi, mishono imezibwa kwa selotepu. Itoke hivyo hivyo, isafiri hivyo hivyo, na ibaki imefungwa hadi ubaridi uishe: saa 2 kwa keki ndogo, 4 au zaidi kwa kubwa. Jasho litatokea nje ya boksi, na kadibodi italinywa. Anayefungua boksi mapema ili kutazama tu kidogo ameshaiharibu kazi. Kata dirisha dogo upande mmoja na uzibe kwa plastiki angavu, utazame kwa hapo.

Boksi lenyewe liwe la kadibodi ya kuta mbili, lenye upana sawasawa na ubao, kiasi kwamba ubao unaingia kwa kubana na hauchezi hata milimita 5. Upana ukizidi, ubao utapata mwendo na kugonga. Kwa juu acha sm 5 za hewa. Ukuta mmoja ufunguke kama mlango na ulale chini, ili keki iingizwe kwa kusukumwa badala ya kushushwa kutoka juu. Kushusha farasi wa sm 50 ndani ya boksi huku mikono yako ikipita kando ya masikio yake ni kujitafutia msiba. Pembe za ndani zitie nguvu kwa vipande vya kadibodi vilivyokunjwa pembe mraba, na kifuniko kisilegee. Paa likibonyea, linagusa kitu cha juu kabisa, na kitu cha juu kabisa ndicho dhaifu kabisa.

Ndani ya gari

Kiti si mahali pa keki. Viti vya gari vimeinamia nyuma kwa makusudi, ili mtu asiteleze. Magoti ya mtu ni mabaya zaidi: yana joto, hayako sawa, na mikono huitikia breki kwa kubana.

Tafuta sakafu iliyo bapa, na uithibitishe kwa pima maji. Kisha fikiria magurudumu. Kitu kilicho katikati ya ekseli mbili hurushwa kidogo. Kilicho nyuma ya ekseli ya nyuma hurushwa sana. Kwa hiyo kwenye gari refu la mizigo, keki isogezwe mbele, karibu na migongo ya viti, isiachwe mlangoni mwa nyuma kwa sababu tu ni rahisi kuipakia. Buti ya gari la saluni iliyotengwa na chumba cha abiria haipati hewa ya kiyoyozi. Kwa keki ni tanuri. Gari lenye nyuma iliyo wazi kwa ndani, viti vikiwa vimelazwa, ndilo linalofaa.

Tandaza mkeka wa mpira usioteleza chini ya boksi, na kipande kingine kati ya boksi na ubao. Kipande hiki cha pili husahaulika, na ndicho kinachozuia ubao kuteleza ndani ya boksi lililotulia vizuri. Kando zibane kwa mataulo yaliyoviringishwa. Hakuna kitu kingine kinachokaa karibu: sanduku la vifaa lenye kilo 6 likiteleza kwenye kona ni nyundo.

Mwelekeo nao una maana. Breki ndiyo nguvu kubwa kuliko zote safarini na inasukuma kila kitu mbele. Kama farasi ameinamisha shingo mbele na umempakia akitazama mbele, kila breki inazidisha kuinama kwake. Mgeuze atazame nyuma, na breki itamsukuma kuelekea kusimama wima. Umbo refu la kulala, kama mamba au treni, lielekezwe kwa urefu wa gari, ili urefu wake ukabiliane na breki na kona ziukute mwili uliolala chini.

Washa kiyoyozi dakika 15 hadi 20 kabla ya kupakia, nyuzi 18 hadi 20, na matundu ya hewa yasielekezwe kwenye boksi. Gari lililofungwa juani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za kwanza. Kusimama kununua maji, basi, ni uamuzi mzito. Ziba jua la dirishani hata kama kuna baridi: rangi za waridi, zambarau na buluu hupauka upande ulioangaziwa.

Njia ipite siku moja kabla, saa ile ile kama inawezekana. Njia ndefu yenye lami nzuri ni bora kuliko ya mkato yenye mashimo. Tuta livuke likiwa mbele yako sawasawa, magurudumu mawili kwa pamoja, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Wanaolivuka kwa mshazari hulinda gari lao, lakini keki huyumba kushoto na kulia, na huko ndiko shingo huvunjikia. Acha sekunde 4 au 5 kati yako na gari la mbele. Ukisikia mgongano au mlio wa mbao, simama mahali tambarare na utazame kupitia dirisha la boksi kabla ya kuendelea, maana kipande kilicholegea kinaweza kubonyeza kingine.

Ukifika

Ingia kwanza mikono mitupu. Tazama meza: iko sawa? Inatikisika? Iko chini ya jua au mbele ya kiyoyozi? Fungua milango yote na uiwekee kizuizi. Kisha beba na mwenzako, mikono chini ya ubao, mmoja akisema kila hatua kwa sauti: ngazi, kizingiti, geuka. Toroli yenye magurudumu madogo magumu juu ya vigae hutetemesha kuliko gari zima. Ukilazimika, tandaza blanketi lililokunjwa mara nne.

Mfuko wa matengenezo uwe na fondanti ya kila rangi uliyotumia, aisingi ya ute wa yai kwenye mfuko wa kupambia, chokoleti ya kuyeyusha, brashi mbili, kisu chembamba, spatula, sindano, mikasi, glavu, na gundi ya CMC iliyochanganywa tangu jana: robo kijiko cha chai kwenye vijiko 2 vya chakula vya maji ya vuguvugu. Ufa mdogo kwenye fondanti hujazwa kwa fondanti ile ile iliyolainishwa kwa matone ya maji hadi iwe kama ujiuji, ikasukumwa ndani kwa kidole na kufutwa kingo. Ufa mkubwa usizibwe kabla ya kujua sababu yake. Mara nyingi ubao umepinda au sahani imeinama, na ukiziba tu utarudi palepale baada ya dakika 20. Kama kasoro haitibiki, iwekee pambo ulilokuja nalo la akiba.

Piga picha pande zote nne kabla ya kuondoka. Halafu mtafute mtu atakayekata keki. Mtu huyo haoni mifupa, na kisu kikigonga chuma kwa nguvu, keki uliyoilinda njia nzima inaanguka mikononi mwake. Mchoree kiunzi kwenye karatasi: fimbo zinapita wapi, sahani ziko kimo gani, ni sehemu zipi si za kuliwa, vijiti ni vingapi ili vihesabiwe vikitoka. Muachie spana yenye saizi ya nati zako. Kichwa ndicho kinachotoka kwanza, kwa kufungua nati ya chini yake na kukiinua kizima, kisha kisu kinaanzia mgongoni, sahani baada ya sahani, hadi kwenye ubao.